Ndugu Mhariri, njia za miguu nazo ziingie kwenye ramani

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi poleni na kazi wote hapo ofisini. Mimi ni mama mstaafu, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, sasa naishi Uyole hapa Mbeya na mzee wangu. Naandika kuhusu njia za miguu. Najua watu wanaandika kwenye gazeti kuhusu bei ya mbolea na barabara za lami, na wana haki kabisa, ila naomba na hili lipate nafasi maana limenikaa kifuani tangu turudi safari.

Safari yenyewe ilikua hivi. Binti yetu ni nesi, anafanya kazi mji wa Leeds kule Uingereza, na Juni 2025 alitukatia tiketi mimi na baba yake tukakae naye wiki tano. Sasa yeye ana zamu, leo usiku kesho mchana, akasema baba na mama msije kukaa ndani mkiangalia tivii mpaka mnarudi, akatupeleka stesheni akatununulia kadi moja ya watu wawili wanaosafiri pamoja, majina yetu yote mawili yako kwenye kadi hiyohiyo, na mkisafiri wote nauli inapungua theluthi moja, ila siku za kazi msipande kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Mmoja akisafiri peke yake haifanyi kazi. Mzee wangu aliipenda sana hiyo kadi, aliiweka mfuko wa shati upande wa moyo na kila tukifika stesheni anaigusa kwanza kama iko. Basi tukazunguka nchi ya watu kwa treni na kwa miguu, yeye ana miaka 71 mimi 68, tuna raba, makoti ya mvua, chupa ya chai na maandazi niliyokua nakaanga usiku wake.

London tulikaa siku mbili tukaona mto Thames na ile saa kubwa, watu ni wengi mno, sina zaidi.

Ninachotaka kusimulia ni reli inayotoka Leeds kwenda kaskazini kupitia Settle mpaka Carlisle. Ukishapita Settle miti inaisha, unabaki na vilima vya majani matupu, ukungu, kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, baridi inapenya dirishani, na mimi nimezaliwa Matamba kule Makete, nikamwambia mzee jamani hapa si Kitulo hapa? Kweli kabisa Mhariri, kama ungenifunga kitambaa ukanishusha pale ningesema nimefika nyumbani, nikaanza kutafuta kwa macho shamba la pareto. Halafu treni ikapunguza mwendo tukaona daraja. Linaitwa Ribblehead, lina matao 24, urefu kama mita 400, na kwenda juu kama mita 32, limesimama bondeni kwenye upepo halina hata nyumba karibu. Tukashuka stesheni ya hapohapo ambayo ni ndogo sana, tukatembea mpaka chini ya matao.

Hapo mzee wangu alinyamaza muda mrefu. Lazima nieleze kwa nini. Mwaka 1973 akiwa kijana wa miaka 19 alikua kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, reli yetu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, kile kipande cha Mlimba kuja Makambako, na anayekijua kipande kile anajua, ni milima na makorongo matupu, mahandaki 18 yako hapo tu na madaraja juu ya madaraja. Miaka yote ya ndoa yetu amekua akisimulia vumbi la baruti, mvua za Mlimba, Wachina waliokua wanalala kambini na kushika sururu sawa na wao, na maneno mawili matatu ya Kichina ambayo mpaka leo anayatamka vizuri. Sasa pale chini ya matao kuna maelezo ya historia, nikawa namsomea kwa Kiswahili. Kwamba maelfu ya vibarua waliishi kwenye vibanda humo humo kwenye tope na wake zao na watoto. Kwamba walikufa wengi, wengine kazini wengine kwa ndui. Kwenye kanisa dogo la karibu linaloitwa Chapel-le-Dale wamezikwa watu zaidi ya 200 wa kambi zile, na ukutani kuna bamba la marumaru waliloweka vibarua wenzao pamoja na kampuni ya reli. Treni za mizigo zilianza 1875 na za abiria 1876. Mzee akaniuliza rudia miaka. Nikarudia. Akasema sisi tulimaliza kutandika reli 1975 na ikakabidhiwa rasmi 1976. Miaka mia moja kamili Mhariri, mwaka kwa mwaka! Akaenda akaweka mkono kwenye jiwe la tao, akauacha pale.

Tulikwenda mpaka lile kanisa, ni mwendo wa chini ya saa moja. Hata kwetu Wachina waliofia kwenye reli wana makaburi yao Gongo la Mboto, yanatunzwa na viongozi wanaweka mashada. Ila kwenye stesheni zetu za huku juu, Makambako, Chimala, Mbeya, natamani na sisi tungekua na bamba ukutani la vibarua wa Kitanzania na Kizambia, kijana anayesubiri treni asome nani alitoboa ule mlima. Wazee kama huyu wangu bado wapo na wanakumbuka majina.

Tena hiyo reli ya Settle kidogo ife. Miaka ya 1980 shirika la reli la wakati ule lilitaka kuifunga, walisema daraja limechakaa na kulikarabati ni gharama, wakatoa tangazo rasmi 1984. Wananchi wakakataa. Wakaandika pingamizi, karibu watu 32,000 walisaini, na mmoja wa waliosaini alikua mbwa, wino kwenye unyayo wake, kwa sababu mwenye mbwa alisema huyu naye ni abiria maana alikua anamlipia nauli. Aprili 1989 serikali ikasema reli inabaki. Mwenye mbwa alifariki 1990 akiwa anatembea milimani Wales, na mbwa alikutwa amekaa karibu na mwili wa bwana wake wiki 11 baadaye. Sasa stesheni ya Garsdale wamemchongea yule mbwa sanamu. Tulishuka kuiona, nikalia kidogo siogopi kusema.

Haya sasa nije kwenye njia zenyewe. Siku ileile ya Ribblehead tuliona kibao cha mbao kimechongwa maneno kwamba hii ni njia ya umma ya miguu, kimeelekea katikati ya shamba la mtu. Kuna ukuta wa mawe na kuna ngazi ya kuvukia, halafu mbele unaona nyumba na zizi. Mzee akasita, na mimi nikasita, sisi tumelelewa kwamba hukatizi boma la mtu bila hodi. Kwa hiyo tukapiga hodi, tena kwa Kiswahili, hodi hodi jamani. Akatoka mama wa makamo ana gambuti miguuni, nikamuomba ruhusa kwa kiingereza changu cha shule, na yeye akashangaa kwa nini tunaomba, akatueleza kwamba njia inapita uani kwake na yeye hana mamlaka ya kuizuia, kazi yake ni kuangalia geti linafunga vizuri na ngazi haijaoza, akatuomba tu tusiache geti wazi kondoo wasitoke. Akatuonyesha mshale wa njano kwenye nguzo. Njano ni ya waendao kwa miguu, bluu hata farasi na baiskeli zinapita. Tukamshukuru tukapita katikati ya kondoo wake. Basi.

Hilo jambo lilinishangaza kuliko madaraja yote. Jioni binti akatufungulia ramani kwenye simu, zile njia zimechorwa zote, vijistari vya kijani nchi nzima, zinapita mashambani, nyuma ya makanisa, kando ya mito, kutoka stesheni hii mpaka stesheni ile. Na ni sheria. Mkulima akilima shamba ambalo njia imekatiza katikati ana siku 14 za kuirudisha, na isipungue upana wa mita moja, na mahindi au ngano isiote juu yake. Nilikua nadhani wazungu walizaliwa nayo hiyo, kumbe waliipigania. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani Manchester, walipanda mlima unaitwa Kinder Scout uliokua umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege, wakapambana na walinzi, vijana watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lao likapitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za umma, na ile milima ikawa hifadhi yao ya kwanza mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikafungua zaidi maeneo ya milima na nyika. Kule Scotland wako mbele zaidi, tangu sheria ya 2003 unaruhusiwa kutembea karibu kila ardhi mradi uwe na adabu, usiharibu mazao, usiingie uani kwa mtu.

Scotland tulifika. Tulipita kwanza Haltwhistle tukauona ukuta wa Warumi ulioanza kujengwa mwaka 122, una kilomita 117 toka bahari hadi bahari, na njia ya miguu inaufuata wote. Pale kulikua na mti maarufu umesimama peke yake bondeni, usiku mmoja wa Septemba 2023 watu wawili wakaukata kwa msumeno. Tulikuta kisiki na machipukizi yake. Tulivyorudi nyumbani tukasikia wamehukumiwa, miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Mzee wangu aliona ni sawa kabisa, yeye bado ana uchungu na mvule wa kwao uliokua unakaliwa na baraza la wazee ukapasuliwa mbao.

Toka Glasgow tulipanda treni ya kwenda Fort William, karibu saa nne njiani, na hiyo nakushauri Mhariri ukipata nafasi hata ukope. Inapita mbuga ya tope inaitwa Rannoch ambayo haina mwisho, ardhi laini kiasi kwamba wajenzi walilaza matawi na mizizi ya miti na udongo ndipo reli ikakaa juu. Kuna stesheni inaitwa Corrour haifikiki kwa barabara ya umma, ni treni au miguu yako, nikakumbuka vijiji vya bonde la Kilombero ambako watu treni ndio barabara yao. Na jua halizami! Saa nne usiku bado kweupe, nilishindwa kujua muda wa kupika.

Fort William ndiko uliko mlima Ben Nevis, mrefu kuliko yote Uingereza nzima. Watu toka dunia nzima wanakuja, wana fimbo, wana mabegi, wanapiga picha chini ya kibao. Unajua urefu wake? Mita 1,345. Mzee akaniambia mama watoto, reli yetu pale Uyole inapita mita 1,789. Yaani mimi ninapoanika nguo ni juu zaidi ya kilele cha Uingereza! Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, Kitulo ni mita 2,600 ukiwa umesimama tambarare unachuma maua. Tulikaa pale kwenye benchi tukanywa chai, na sikuona wivu kwao hata kidogo maana walichonacho wamekitunza vizuri, ila niliumia kwa ajili ya kwetu.

Sababu ni hii. Nilipokua msichana, toka Matamba kushuka Chimala kulikua na njia ya miguu. Barabara ya gari ndio ile ya kona 57, watu wanaiita Hamsini na Saba, madereva wanaijua. Lakini njia ya miguu ilikua inakatisha zile kona, inashuka moja kwa moja, mama zetu walishuka nayo alfajiri na viazi na njegere kichwani, wakauza Chimala, wakapanda jioni na chumvi na mafuta ya taa. Reli ilipokuja ndio ikawa njia ya kwenda kupanda treni. Mimi nilishuka nayo kwenda chuo cha ualimu, sanduku la bati kichwani, marehemu baba yangu mbele na tochi. Ilikua na sehemu zake za kupumzika zinajulikana, na maji ya kunywa yanajulikana yako wapi.

Tuliporudi toka Uingereza, Agosti, tukasema sasa tufanye ya kwetu. Tukaenda Matamba kwa gari ili tushuke kwa miguu. Robo ya njia tukakutana na senyenge. Kuna mtu amenunua eneo, simtaji na sina ugomvi naye maana amenunua kihalali, ameweka fensi toka ukingo hadi ukingo na njia imebaki ndani. Hakuna geti, hakuna ngazi. Kijana mlinzi alikua na heshima kabisa, alitwambia shikamoo, akasema hajui kama hapo palikua na njia. Na kweli angejuaje? Haijaandikwa popote. Tukapanda tena juu, tukashuka kwa barabara, malori yanatupita na vumbi, na tulikutana na wamama watatu wana mizigo ya viazi kichwani wanazunguka zile kona zote 57 kwa sababu hiyohiyo. Mmoja alikua na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo Mhariri siongelei utalii peke yake, ingawa na utalii naongelea. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inajulikana kwa maua, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu, na toka Desemba mpaka Aprili ni maua kila unapokanyaga. Septemba 2024 nchi yetu, Zambia na China walisaini kule Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ni furaha kubwa kwetu. Sasa fikiria mtu anashuka treni Chimala, anakuta kibao, anapanda ile njia ya zamani mpaka Matamba, analala kwa mwenyeji, anakula viazi na maharage, kesho yake anaendelea Kitulo kwa miguu. Na siwazii mzungu tu, nawazia mwalimu wa Mafinga na mkewe, nawazia wanafunzi wa Iyunga. Uingereza tuliokutana nao njiani wengi walikua wazee wa rika letu wenyeji wa palepale, wamepanda treni asubuhi, wanatembea kilomita 10, wanapanda treni stesheni inayofuata wanarudi nyumbani. Pesa wanaiacha kwenye kigahawa cha kijiji.

Ila kabla ya mtalii kuna yule mama wa viazi, na yeye ndiye wa kwanza. Njia ni yake.

Ninachoomba ni kitu ambacho tayari kina pa kukaa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na vijiji vinaandaa mipango ya matumizi ya ardhi, vinachora hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Naomba wenyeviti na maafisa ardhi wa Makete, Mbarali, Rungwe, Kilolo, popote huku juu kwetu, mnapochora ile ramani mwite bibi wawili watatu na mchunga ng'ombe mmoja, waulizeni njia zilipita wapi, mzichore na zenyewe, mziandikie kwenye sheria ndogo za kijiji kwamba anayenunua eneo ananunua na njia yake ndani, aweke geti, afunge ng'ombe wake vizuri, watu wapite. Haina gharama kubwa. Geti la mbao na kopo la rangi ya njano. Mzee wangu amejitolea kuchonga vibao vya kwanza kumi kwa mkono wake, mbao anazo tayari ziko nyuma ya nyumba, mikaratusi mikavu.

Mimi nimeanza na daftari. Nimeandika njia tisa ninazozikumbuka za ukingo ule, zilianzia wapi zikaishia wapi, maji yako wapi, na mkutano mkuu wa kijiji ujao nimeomba nafasi nizisome. Ila kuna kitu kimoja kimenipotea. Kwenye njia ya Matamba kushuka Chimala, ukishapita katikati, kulikua na jiwe kubwa bapa la kupumzikia, mama zetu walitua mizigo hapo, ukikaa unaliona bonde lote la Usangu mpaka macho yanachoka. Jiwe lile lilikua na jina lake kwa Kiwanji, nililisikia kila wiki utotoni na sasa halinijii kabisa, na dada zangu nao wamesahau. Kama kuna msomaji wako wa Matamba, Ikuwo au Chimala anayelikumbuka, naomba aliandikie gazeti, nataka kibao chake mzee akichonge cha kwanza.

Mama mstaafu,
Uyole, Mbeya